Povu la Pipa la Nne

Waliomtoa mwalimu Jost Overrath kwenye pipa la nili walisema hakuwa wa buluu mwanzoni. Alitoka akiwa na rangi ya usaha, manjano iliyoingia ukijani, kama mtu aliyepasukiwa na nyongo. Hewa ilipompiga akaanza kugeuka mbele ya macho yao, vidole kwanza, kisha masikio, mpaka akawa buluu kama kila kitambaa kinachotoka kwenye mapipa yale. Mmoja wao alikimbilia nje. Wenzake wawili walibaki wakimtazama mwalimu kwa sababu, walivyoeleza baadaye, hawakujua kama inafaa kumfunika kabla hajakauka.

Inspekta Gereon Schlüter alifika Lohbrück kwa treni ya asubuhi kutoka Elberfeld akaikuta maiti imelazwa juu ya meza ya kukunjia vitambaa. Aliinama, akapapasa kisogo. Mfupa ulikuwa umebonyea chini ya nywele, jeraha moja, la kitu kizito kisicho na makali. Akabonyeza kifua, na hakuna nili iliyotoka mdomoni. Alikufa kwanza, ndipo akatumbukizwa.

Sajini Büscher wa polisi ya mji alisimama mlangoni na leso puani. Harufu ya nyumba ya rangi ilikuwa ya mkojo. Nili ya sufu inataka mkojo uliovunda, na katika mitaa ya wafanyakazi wa Lohbrück kila nyumba ilikuwa na mtungi wake mlangoni, ukikusanywa kila asubuhi na mkokoteni wa kiwanda. Mkojo wa watu maskini ulichemshwa polepole ndani ya mapipa manne yaliyochimbiwa sakafuni, midomo yake ikifika magotini, na mvuke wake ulipanda mpaka kwenye mbao za dari. Juu ya mbao zile kulikuwa na darasa. Tajiri wa kiwanda, Bwana Engelbert Rademacher, aliliweka hapo kwa kuwa joto la mapipa lilimwokolea gharama ya kuni.

Schlüter hakuziba pua. Baba yake alikuwa mtia rangi huko Köln, akazikwa na mikono yake ya buluu, na yeye mwenyewe aliikimbia harufu ile kwa kujiandikisha jeshini. Ndiko alikopatia cheo cha upolisi. Alidhani ameshaisahau. Sasa aliitambua mara moja.

Alilizunguka pipa la nne. Hapakuwa na damu wala kitufe kilichodondoka. Kando ya pipa kulikuwa na ndoo ya mbao iliyofunikwa kwa gunia safi. Alifunua. Ndani mlikuwa na povu zito lililoshikana kama malai ya maziwa, juu yake likimeta rangi ya shaba. Akalifunika tena taratibu.

Aliwauliza wale watu waliomtoa mwalimu kama walipofungua mfuniko uso wa pipa ulikuwa na povu au mtupu. Walijibu kwamba ulikuwa mtupu. Walijibu wakitazama viatu vyao, na hakuna aliyeuliza kwa nini inspekta anataka kujua jambo dogo kama hilo. Schlüter aliona kwamba hawakuuliza. Akamwagiza Büscher atie kidole kimoja ndani ya pipa.

Sajini alisitasita. "Afande, humo alikuwamo maiti."

"Ndiyo. Tia. Kisha nenda ukanawe kwa chochote upendacho."

Bwana Rademacher alimpokea ofisini, madirisha yote yamefungwa kuzuia harufu. Alikuwa anakula: paja la nguruwe, mayai, mkate mweupe, kahawa ndani ya birika la fedha. Alimkaribisha mgeni kwa ukarimu wa kweli, akamkatia nyama kwa mkono wake. Huku akitafuna alieleza kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila siku za karibuni alikuwa amenyong'onyea na kusoma magazeti kupita kiasi. Alieleza kwamba darasa lile ni zawadi yake kwa watoto wa kiwanda. Sheria inadai mtoto asome, naye huwapa masomo jioni wakishatoka kwenye mashine, bila malipo. Muuaji alikuwa amekwisha kupatikana: Winand Pohl, mfumaji, mtu wa fujo, aliyetishia kilabuni kumvunja mwalimu kichwa kwa kumchapa mtoto wake aliyesinzia darasani. Sajini alimfunga kabla ya jua kuchomoza.

Kisha akauliza, akijipangusa midomo, kama pipa la nne linaweza kurudishwa kazini mchana huohuo. Jeshi lilikuwa linasubiri kitambaa cha sare.

Schlüter aliitazama nyama iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa na ukingo wa mafuta, laini, yenye unyevu. Akaisogeza sahani.

"Litarudi kazini nikisema mimi," alijibu.

Pohl alikuwa kwenye chumba kilicho chini ya ukumbi wa mji, mdomo umevimba kwa kipigo. Hakukana kumtishia mwalimu. Mtoto wake ana miaka kumi na mmoja, anaingia kiwandani kabla ya kuku kuamka, anatoka jioni na kupandishwa ngazi kwenda kusoma Amri Kumi huku macho yakifunga yenyewe. Mwalimu alimchapa. Baada ya siku mbili mwalimu yuleyule alimfuata Pohl nyumbani, akaomba radhi mpaka akalia, akasema hatachapa tena mtoto aliyelala, na kwamba ana jambo atakalolisema siku mkaguzi wa serikali atakapokuja. Jambo gani, Pohl hakujua.

"Nyoosha mikono," Schlüter alimwambia.

Ilikuwa mikono ya mfumaji, iliyochubuka, nyeupe kama unga.

Büscher alidai kwamba mtu aliweza kunawa. Inspekta akamwomba kidole chake. Sajini alikitoa kwa aibu. Alikuwa amekisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa siki na kwa majivu ya jikoni kwake. Ngozi ilikuwa imetoka, na buluu ilikuwa palepale.

"Aliyemtumbukiza mwalimu aliingia mpaka viwikoni," Schlüter alisema. "Mfungue huyu, na umletee maji ya kunywa."

Ufunguo wa nyumba ya rangi ulikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa nyapara wa watia rangi, Diederich Kalthoff. Wa pili ni mpwa wa tajiri, Ottokar Rademacher, aliyelisimamia darasa kwa niaba ya mjomba wake. Kalthoff alikuwa rafiki wa marehemu. Mwalimu ndiye aliyemfundisha mwanawe Hubert Kilatini jioni bila kudai kitu, mpaka mtoto akaingia shule ya Kilatini ya mjini, mahali ambapo mtoto wa mtia rangi hajawahi kutia mguu. Ottokar ndiye aliyegombana naye. Tena Ottokar, watu walisema, tangu juzi hakuvua glavu hata mezani.

Schlüter alimkuta juu darasani. Mabenchi yalikuwa mafupi, yameng'arishwa zaidi na vichwa vya watoto waliosinzia kuliko na madaftari. Picha ya mfalme ilining'inia ukutani, karatasi yake imegeuka kahawia kwa mvuke. Ottokar alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye kovu la upanga shavuni alilolipata katika mapigano ya wanafunzi chuo kikuu cha Bonn na kulitunza kama nishani. Alijibu maswali akitazama dirishani. Alikiri kwamba walizozana na Overrath. Mwalimu alitaka kuwafundisha watoto wale ramani na ukoo wa wanyama. Yeye alimwambia kwamba atakayehesabu nyuzi hahitaji kujua Amerika iko wapi.

"Farasi wa mkokoteni humfundishi kucheza dansi, Bwana Inspekta. Utamharibu tu."

"Vua glavu."

Uso wa kijana ulibadilika. Alisema mgonjwa halazimishwi. Schlüter alisubiri. Mwishowe Ottokar aligeukia ukuta akazivua, na aliporudi kumkabili hapakuwa na buluu hata chembe. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimetapakaa madoa ya rangi ya shaba yanayobanduka magamba, na kati ya vidole palikuwa panatoka maji. Jioni ya mauaji, alisema kwa sauti ndogo, alikuwa Elberfeld kwa daktari anayempaka zebaki, dawa ya kaswende. Daktari atathibitisha. Aliomba mjomba wake asijue, kwa sababu posa ya binti mmoja wa mwenye benki ilikuwa inaendelea.

Schlüter alimwashiria azivae tena. Akamuuliza swali moja la mwisho: kitambaa kinapotaka kutiwa rangi, unaanza kufanya nini kwenye pipa?

"Unatumbukiza kitambaa," Ottokar alijibu, akivaa glavu haraka. "Kuna nini zaidi?"

Schlüter alishuka ngazi. Zilikuwa nyembamba, hazina reli, na kidato cha mwisho kiliishia hatua chache tu kutoka mdomo wa pipa la nne. Alisimama hapo kwa muda, akitazama juu kisha chini.

Alimwita nyapara.

Diederich Kalthoff alikuwa pande la mtu, ndevu zake zimeanza mvi, mikono yake ya buluu iliyokolea mpaka karibu na mabega. Mikono kama ile haikuweza kumshtaki. Ilikuwa hivyo tangu ujana wake. Inspekta alimwambia kwamba pipa la nne sasa liko huru, amtilie rangi kipande kimoja cha sufu aone kama bado ni zima. Uso wa Kalthoff ulilegea. Alisema kwa kweli alikuwa na wasiwasi nalo. Aliondoa mfuniko akapiga magoti, akanusa, akatia kidole na kuonja kwa ncha ya ulimi, naye Büscher aligeuza uso pembeni. Uso wa pipa ulikuwa umeanza kuota povu jipya, jembamba. Kalthoff alichukua upawa, akalichota lote kwa uangalifu, asiache hata kiputo, akalimimina kwenye ndoo, akavuta gunia juu ya ndoo na kulitandaza kingo. Hapo ndipo alipochukua kitambaa na kukitumbukiza.

"Kwa nini umechota kwanza?" Schlüter aliuliza.

"Usipochota linashika kwenye kitambaa, linaacha mabaka. Na ukilimwaga pipa linadhoofika. Unalitunza, kisha unalirudisha."

"Kila mtu hufanya hivyo?"

"Kila mtia rangi."

"Pohl angefanya?"

Kalthoff alisita, kitambaa kikichuruzika mikononi. "Pohl ni mfumaji."

"Na Bwana Ottokar?"

Nyapara alikikamua kitambaa. Watia rangi wengine waliokuwa kwenye mapipa ya jirani waliacha kukoroga.

"Mwalimu alipotolewa asubuhi," Schlüter alisema, "ndoo hii ilikuwa imejaa, na gunia juu yake limetandazwa hivyo hivyo. Mtu alimpiga Jost Overrath kichwani. Kabla ya kumtia pipani alipiga magoti akachota povu ili pipa lisiharibike. Ufunguo unao wewe na Ottokar tu, naye hajui hata povu ni la nini."

Kitambaa kilianguka sakafuni. Kiligeuka taratibu kutoka manjano kuwa kijani.

"Sikumbuki kuchota," Kalthoff alisema hatimaye. Alikuwa anaitazama ndoo kana kwamba imetumwa na mtu kumsaliti. "Naapa kwa Mungu, Bwana Inspekta, hilo silikumbuki. Mkono ulifanya wenyewe."

Alikaa juu ya mfuniko, akaeleza yote kwa sauti tambarare. Kabla ya Pasaka alikuwa na watoto wawili, Hubert na Mathilde, aliyeitwa Tilla. Tilla alikuwa na miaka tisa. Sheria ilikataza mtoto wa umri ule asiingie kiwandani, lakini vidole vyake vilikuwa vyembamba, vinafika chini ya mashine kuunga nyuzi zilizokatika, na mkaguzi alipokuja watoto kama yeye walifichwa ndani ya sanduku la sufu. Jioni moja walipandishwa darasani kama kawaida. Hakuna anayejua ilivyokuwa. Labda alisinzia ngazini akitembea, kama walivyozoea. Mfuniko ulikuwa wazi. Hakuna aliyesikia kitu, na asiporudi usiku nyumbani walidhani amelala kiwandani. Asubuhi baba yake alikuja kazini, akatia mti wa kukorogea ndani ya pipa la nne, na mti ukagota.

Rademacher alikuja mwenyewe na koti la nyumbani. Alimfunika mtoto kwa kitambaa cha thamani. Daktari wa kiwanda aliandika homa ya matumbo, jeneza likafungwa palepale. Kabla ya wiki kuisha Kalthoff alifanywa nyapara, akapewa nyumba yenye vyumba viwili, na tajiri akaahidi kumlipia Hubert shule ya Kilatini mpaka mwisho.

"Mwalimu naye alinyamaza," Kalthoff alisema. "Miezi yote hii. Juzi akaniita akaniambia, Diederich, nimeshindwa kula, mkaguzi akija nitasema. Nilimwendea bwana mkubwa nikamwambia. Bwana mkubwa akasema, mwalimu akifungua mdomo, Hubert anarudi kwenye mapipa siku hiyohiyo. Wewe ndiye baba, zungumza naye. Basi nilizungumza naye. Nilimpigia magoti hapa hapa. Akasema hawezi."

"Ukampiga kwa mti wa kukorogea."

"Kwa huo."

Büscher alikuwa ameishusha leso. Schlüter alimtaka Kalthoff aje akaseme hayo mbele ya karani, na hapo ndipo mtu yule aliponyanyua uso kwa mara ya kwanza. Atasaini kwamba aliua. Atasema walilewa wakagombana. Habari ya Tilla atakana kwamba aliwahi kuisema, na hata wakimpeleka kunyongwa hataisema tena, kwa sababu kunyamaza huko ndiko ada ya Hubert.

"Mtoto wangu hatakuwa na mikono hii," alisema.

Watia rangi walipoulizwa kama wamesikia aliyoyasema nyapara wao, waliinama wakakoroga. Büscher alisikia, lakini alikuwa na mke, watoto, na nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe ni Rademacher. Alianza kusema hakusikia vizuri kwa sababu ya mvuke. Schlüter hakumngoja amalize.

Rademacher hakukana chochote, na hilo lilimchukiza inspekta kuliko uongo. Alifunga mlango, akasema kwamba ni kweli, msiba mkubwa, naye aliitendea ile familia kuliko tajiri yeyote bondeni. Alisema maneno na ufukara haviui mtu. Kalthoff aliua kwa mkono wake. Hapakuwa na mahakama itakayomfunga mtu kwa kumwambia mzazi azungumze na mwalimu. Kuhusu mtoto, bila ushahidi wa baba kaburi halifunguliwi kwa uvumi.

"Amebaki mama," Schlüter alisema.

"Amebaki mama." Rademacher alijimiminia kahawa. "Basi mpelekee neno langu. Akinyamaza, Hubert atasoma mpaka chuo kikuu, awe wakili, awe mchungaji, atakacho. Akisema, sitakuwa na uwezo wa kumsaidia. Shule ile haiwezi kubaki na mtoto wa muuaji ila mtu mwenye jina amsimamie. Lakini sitamtupa. Nafasi ya baba yake pipani iko wazi."

Alisema maneno ya mwisho kwa upole, kama mtu anayetoa sadaka. Schlüter alitazama midomo ile ikinyonya kahawa, akafikiri kwamba hata chini kule, kwenye mkojo wa watu mia, hewa ilikuwa safi zaidi.

Angeweza kutolipeleka neno lile. Njiani aliwaza hivyo. Angemwambia mwanamke nusu tu, apate sahihi yake ya kufungua kaburi, kisha mengine ayaone baadaye. Maofisa wengi wangefanya hivyo na kulala usingizi.

Drutgen Kalthoff alikuwa ameshapata habari. Majirani walikuwa wamekuja na wameondoka. Alikuwa jikoni akimenya viazi, kilima chote cha viazi, kwa watu ambao hawatakula. Hubert, kijana wa miaka kumi na mitatu, alitumwa kwa jirani. Kofia yake ya shule ilikuwa mezani, imepigwa brashi.

Schlüter alivua yake akabaki wima.

"Mama, nimepewa neno la kukuletea. Nalileta zima kama lilivyo kwa sababu ni lako, si langu."

Akamwambia yote. Alivyoungama mumewe, alivyokataa kumtaja Tilla, na alivyoahidi Rademacher. Hakupunguza chuo kikuu wala hakupunguza pipa. Mwanamke aliendelea kumenya. Aliuliza kama Diederich ndivyo anavyotaka, anyamaze. Schlüter akasema ndivyo. Aliuliza kama kunyamaza kwake kutamwokoa mumewe na kitanzi. Schlüter akasema hakutamwokoa, wala kusema kwake hakutamuua.

"Walinikataza kumwosha," Drutgen alisema. "Jeneza lilikuja limefungwa. Nililifungua nyuma ya nyumba wakati wanakunywa. Mikono sikushtuka, baba yake ana mikono ile. Nywele ndizo. Uhai wake zilikuwa kama ngano, manjano ya kukosha macho. Nikamvika kofia yangu ya kanisani nikaifunga kidevuni, nikarudi kuwapa watu kahawa. Nikampa na bwana mkubwa. Akanishika bega."

Kisu kilikuwa kimesimama ndani ya kiazi.

"Hubert anajua?"

"Anajua homa."

"Mama, sina la kukuahidi. Sheria ya watoto ina faini, na faini yenyewe haifiki bei ya kofia ya bwana yule. Mwanao atafukuzwa. Sitaki uniambie baadaye kwamba sikukwambia."

Drutgen aliinuka, akajifuta mikono kwenye aproni, akaichukua ile kofia ya shule na kuitundika mahali pake.

"Tulimuuza Tilla mara moja," alisema. "Nilikula bei yake, nikalala kwenye nyumba tuliyopewa kwa ajili yake. Sitamuuza tena. Mfukueni."

Alisaini ushahidi wake kwa herufi zilizolala, alizofundishwa na mwanawe. Schlüter alipeleka simu ya waya kwa mwendesha mashtaka wa Elberfeld, na idhini ikaja asubuhi.

Kaburi lilifunguliwa kabla ya adhuhuri, mvua nyepesi ikinyesha. Rademacher hakuja, alimtuma Ottokar. Daktari wa kiwanda aliletwa na Büscher kwa kushikwa kiwiko, na sajini hakutazama pembeni safari hii. Kengele ya chakula ilikuwa imelia, na watu wa kiwanda walipanda kilima wakiwa na vitambaa vyao vya mkate mikononi, wakasimama nje ya ukuta wa makaburi, kisha wakaingia ndani. Pohl alikuwa miongoni mwao na mdomo wake uliovimba.

Jeneza lilikuwa la mti mzuri. Harufu ilipotoka Ottokar alijikunja juu ya jiwe la mtu mwingine akatapika ndani ya glavu zake. Schlüter alimwashiria daktari. Daktari alisogea, akafungua utepe wa kofia, akavuta. Mambo mengine yalikuwa kama ardhi inavyoyafanya. Nywele zilikuwa nzima, ndefu, buluu iliyoiva, ile ya sare.

"Homa ya matumbo," Schlüter alisema. "Andika sasa ulichokiona, daktari. Nitakungoja."

Daktari aliandika. Baada ya majuma machache atapoteza kazi na kupata nyingine katika mji wa jirani wa Barmen. Rademacher atalipa faini na kumtuma karani kuipeleka. Kalthoff atasomewa hukumu Elberfeld bila kuinua macho. Hayo yote Schlüter aliyajua hapo hapo kando ya shimo, kama mtu anayejua mwisho wa sala aliyoisikia tangu utotoni.

Lakini Hubert alikuwa amekuja. Hakuna aliyemwita. Alijipenyeza kati ya watu mpaka ukingoni, na kabla mama yake hajamziba macho akawa ameshaona. Aliuliza yule ni nani. Halafu akauliza kwa nini nywele ziko vile.

Drutgen alimshika mabega akamgeuza wakabiliane. Hakumpeleka pembeni na hakushusha sauti. Alimwambia dada yake alifanya kazi chini ya mashine kinyume cha sheria, na kwamba alisinzia akipanda kwenda kusoma. Akamwambia nani alimtoa pipani, nani alileta kitambaa cha kumfunika, na nyumba yao ilitoka wapi. Akamwambia kwa nini yeye alikuwa shuleni, na kwa nini mwalimu wake hayupo. Mvua ilinyesha juu ya maneno yake, na watu wote waliyasikia, kila neno, wale waliokuwa wameinama wakikoroga na wale waliofunga jeneza.

Alipomaliza, kengele ya kiwanda ililia kuwaita. Ililia tena. Ottokar alisimama akajipangusa, akawaambia waondoke, wanachelewa.

Hakuna aliyeondoka.